Mgeni wa Zizini: Siku 30 za Kwanza za Ng'ombe Mpya

Somo kwa kaya za wafugaji, wilaya za Karagwe na Kyerwa



Ng'ombe mpya huingia nyumbani kwa njia nyingi. Yupo anayenunuliwa mnadani, yupo anayeletwa kwa mahari, yupo anayetolewa kwa mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, na yupo anayegawiwa na ndugu baada ya msiba. Siku anapofika huwa ya furaha. Watoto humkimbilia, majirani huja kumtazama pembe na kiwele, na jioni ileile huingizwa zizini alale na wenzake.

Hapo ndipo hasara nyingi huanzia. Somo hili lina jambo moja kubwa: ng'ombe mgeni akae peke yake siku 30, apumzike, azoee chakula na maji ya hapa, aangaliwe asubuhi na jioni, ndipo aungane na kundi. Wazee husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni wa zizini tusiufuate msemo huo. Jembe lake lisubiri mwezi mzima.

KWA NINI TUMTENGE?

Kuna hatari mbili, na zote mbili huja siku moja.

Hatari ya kwanza ni mgeni kuleta ugonjwa. Historia ya Afrika inatupa mfano mkubwa. Mwaka 1887 ng'ombe wenye sotoka waliingizwa kwa meli upande wa Eritrea, katika biashara ya kulisha jeshi la Italia. Ugonjwa ukashuka kutoka kundi hadi kundi, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ukawa umefika nchi zetu za Maziwa Makuu. Makundi makubwa yaliyowapa watu maziwa, mahari na heshima yaliteketea, na njaa ikafuata. Ilichukua zaidi ya miaka 100 dunia kuimaliza sotoka ya ng'ombe. Ilitangazwa kuwa imekwisha mwaka 2011. Sotoka ile imekwisha, lakini njia iliyoitumia ingali wazi: mnyama mgonjwa anayeonekana mzima, akichanganywa na wazima.

Hatari ya pili ni mgeni kuugua kwa sababu ya mazingira yetu. Ng'ombe aliyekulia mahali pasipo na kupe wengi, au aliyekuwa akiogeshwa kila wiki bila kukosa, hana kinga dhidi ya ndigana kali. Akiletwa kwenye malisho yetu yenye kupe wa masikio, anaweza kufa ndani ya wiki chache, hali ng'ombe wa hapa wanaendelea kula. Ng'ombe wa kisasa na chotara ndio walio hatarini zaidi, lakini hata ng'ombe wa Ankole anayetoka eneo lisilo na ndigana kali anaweza kufa nayo. Pembe kubwa si kinga.

Kumtenga mgeni kunawalinda wote wawili, kundi na mgeni mwenyewe.

KABLA YA KUNUNUA

Muulize mwenye mnyama maswali haya, na ukariri majibu:

1. Ana umri gani? Amezaa mara ngapi? Amewahi kutupa mimba?
2. Anakula nini, na anachungwa au analishwa bandani?
3. Anaogeshwa kila baada ya siku ngapi, na kwa dawa ipi? Ameogeshwa lini mara ya mwisho?
4. Amechanjwa magonjwa gani, na lini?
5. Katika kundi alikotoka kuna mnyama aliyekufa au kuugua miezi hii 3?

Ukiweza, nenda ukaone kundi alikotoka. Mnadani unaona mnyama mmoja tu, lakini zizini kwake unaona ndugu zake, kinyesi chao na kupe wao.

Mnyama awe na hereni ya utambuzi na kibali cha kusafirisha mifugo kinachotolewa na mtaalamu wa mifugo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inadai kibali hicho, na Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 inadai mnyama atambulike. Kwa sisi tulio jirani na Uganda na Rwanda jambo hili ni zito zaidi. Ng'ombe aliyevushwa mto Kagera usiku kwa bei nafuu hana wa kumuulizia. Ukiletewa mnyama wa namna hiyo, hujui chanjo yake wala ugonjwa alioukimbia.

Kabla ya kumleta nyumbani, mwombe mtaalamu ampime damu ya ugonjwa wa kutupa mimba. Ugonjwa huu hauonekani kwa macho, na siku 30 za kumtenga haziwezi kuufichua. Homa ya mapafu ya ng'ombe nayo inaweza kujificha kwa miezi, kwa hiyo muulize mtaalamu kama eneo analotoka mnyama lina historia yake.

ANDAA MAHALI PAKE

Andaa mahali kabla ya kumfuata mnyama, si baada ya kufika naye. Mahali pafae hivi:

• Pawe mbali na zizi la kundi, hatua 50 au zaidi ukiweza.
• Pawe upande wa chini wa mteremko. Kwenye vilima vyetu, mvua ikinyesha kinyesi na mkojo wa mgeni vitashuka. Visipitie zizini wala kwenye maji ya kunywa.
• Pawe na kivuli, sakafu isiyotuama maji, na uzio imara. Mgeni hujaribu kurudi alikotoka, hasa usiku wa kwanza.
• Pawe na ndoo yake, hori lake, kamba yake na jembe lake la kuzolea kinyesi. Visitumike kwa wengine.

Kama huna nafasi, ongea na jirani asiye na mifugo akupe kona ya shamba kwa mwezi mmoja. Kibanda cha miti na nyasi kinatosha. Ng'ombe hapendi upweke, kwa hiyo asikae mahali asikoona mtu. Akiona watu wakipita na kuwasikia wenzake kwa mbali hutulia. Kama umenunua wawili siku moja kutoka zizi moja, wakae pamoja.

SAFARI

Msafirishe asubuhi na mapema au jioni. Apewe maji kabla ya kuondoka. Kwenye gari, tandika nyasi au mchanga asiteleze, na usikubali kubananisha wanyama. Anayetembezwa kwa miguu apumzishwe kivulini na anyweshwe njiani, lakini mbali na makundi mengine. Ng'ombe mwenye mimba kubwa, wa miezi 2 ya mwisho, ni afadhali abaki alipo mpaka azae.

Mwombe muuzaji mzigo wa majani anayoyala mnyama. Mzigo huo utakusaidia siku za kwanza.

SIKU YA KWANZA: MAJI, NYASI, UTULIVU

Akifika, mpe maji safi kwanza, kidogo kidogo kama ana kiu sana. Baadaye mpe nyasi kavu au majani aliyokuja nayo. Usimpe pumba, mashudu wala mahindi siku hiyo. Tumbo la ng'ombe lina vijidudu vinavyosaga chakula, na vijidudu hivyo vimezoea chakula cha kwao. Ukimjazia pumba ghafla, tumbo huchacha, mnyama huacha kucheua, huharisha na anaweza kufa. Wengi husema ametupiwa jicho baya. Kumbe ni ukarimu uliozidi.

Mtu mmoja amhudumie. Asizungukwe na watoto, mbwa na wageni. Aachwe alale.

Asipokula sana siku ya kwanza, usiogope. Ikifika siku ya pili bado hali, au hacheui, mwite mtaalamu.

SIKU YA 2: KUPE

Akishapumzika na kunywa maji, mkague kupe. Angalia ndani ya masikio, chini ya mkia, kwapani, kwenye kiwele na kati ya kwato. Halafu mwogeshe kwa bomba. Soma maelezo ya dawa na upime kwa kipimo chake. Dawa ikizidi humdhuru mnyama na mtu. Ikipungua haiui kupe, na kupe hao huzoea dawa hadi ikawa kama maji. Usimwogeshe akiwa na kiu, kwani ataramba dawa. Usimwogeshe mvua ikikaribia wala jua likiwa kali.

Baada ya hapo mwogeshe kila baada ya siku 7, hasa wakati wa mvua za vuli na masika, kupe wa masikio wanapokuwa wengi. Kupe huyu haambukizi ndigana kali mara tu anapouma. Kwa kawaida huhitaji siku kadhaa za kunyonya. Ndiyo maana kumkagua mgeni masikio kila siku na kumwondoa kupe mapema kunasaidia sana.

WIKI YA 1 NA YA 2: CHAKULA

Badilisha chakula polepole. Siku 3 za kwanza mpe chakula alichozoea, au kinachofanana nacho, kwa sehemu kubwa. Kisha ongeza chakula chako kidogo kila siku. Kufikia siku ya 14 awe anakula kama wengine wako.

Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji kiasi cha kilo 30 za majani mabichi kwa siku. Maji anahitaji lita 30 hadi 60 kwa siku, na anayekamuliwa huhitaji zaidi. Watu hujitahidi kwa majani wakasahau maji, hasa kiangazi cha Juni hadi Agosti. Ng'ombe asiyeshiba maji hali vizuri na maziwa hukauka.

Mashina ya migomba tunayo tele, lakini yana maji mengi na lishe kidogo. Yakatwe vipande vidogo na yachanganywe na majani ya tembo, guatemala au nyasi. Yasiwe chakula pekee. Majani ya mihogo yanyaushwe kwanza, kwani mabichi yana sumu. Majani machanga ya jamii ya kunde yenye umande yanaweza kujaza tumbo gesi. Weka na jiwe la chumvi la kuramba.

KILA SIKU: DAKIKA 5 ASUBUHI, DAKIKA 5 JIONI

Simama mbali kidogo umtazame kabla hajakuona. Jiulize: Anakula? Anacheua? Kinyesi ni laini kawaida, kigumu au maji? Anapumua taratibu? Macho na pua ni safi? Anatembea sawasawa?

Ukiwa na kipimajoto, mpime akiwa ametulia. Joto la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likizidi 39.5 ana homa. Homa hutangulia dalili nyingine nyingi, kwa hiyo kipimajoto kimoja cha kikundi kinaweza kuokoa ng'ombe kadhaa.

Dalili za kujua:

• Tezi zimevimba chini ya sikio au mbele ya bega, homa, machozi, baadaye kikohozi na povu puani: ndigana kali. Huonekana kwa kawaida wiki 1 hadi 3 baada ya kuumwa na kupe. Dawa ipo, lakini hufanya kazi vizuri ikitolewa mapema. Ukingoja povu umechelewa.
• Kinyesi kigumu na kikavu, ufizi mweupe au wa manjano, kudhoofika: ndigana baridi.
• Mkojo mwekundu na homa: ugonjwa wa kukojoa damu, unaoletwa pia na kupe.
• Mate mengi, vidonda mdomoni, kuchechemea: ugonjwa wa miguu na midomo. Huonekana siku 2 hadi 14 tangu kuambukizwa.
• Mapele magumu mwili mzima: ugonjwa wa mapele ngozi. Unaweza kuchukua hadi wiki 4 kujitokeza.
• Kukonda huku anakula, manyoya kusimama, homa inayokuja na kuondoka: nagana, hasa kama amepita mapori yenye mbung'o.
• Kikohozi, kupumua kwa shida, kunyoosha shingo na kutanua viwiko: homa ya mapafu ya ng'ombe.

Tazama muda wa magonjwa haya. Wiki moja ya kumtenga haitoshi, na mbili hazitoshi. Siku 30 zinafichua mengi kati yake.

Ukiona dalili, mnyama abaki hapohapo. Usimpeleke mnadani ili umwondoe, kwani utakuwa umemuuzia jirani ugonjwa, na jirani huyo anachunga karibu nawe. Mwite afisa mifugo wa kata. Akifa ghafla na damu ikatoka puani, mdomoni au sehemu ya haja, usimpasue, usimchune, na nyama isiliwe hata kidogo. Kinaweza kuwa kimeta, na kimeta huua watu.

UTARATIBU WA KAZI

Anza na kundi la zamani: kamua, lisha, safisha. Mgeni awe wa mwisho. Ukitoka kwake nawa mikono kwa sabuni na osha buti. Ukianza na mgeni ukamalizia na kundi, kumtenga kwako hakuna maana, kwa sababu ugonjwa utapelekwa na mikono yako.

Hapa kuna jambo la kuongea nyumbani. Mara nyingi baba ndiye ananunua ng'ombe, lakini mama ndiye anakata majani na mtoto ndiye anateka maji. Baba akirudi na majibu ya muuzaji kichwani peke yake, wanaomhudumia mnyama hawajui lolote. Kaeni pamoja jioni ile, kila mmoja ajue ng'ombe ametoka wapi, anakula nini na dalili zipi zisubiriwe. Anayemwona mnyama kila siku awe na ruhusa ya kumpigia mtaalamu simu bila kumsubiri mwenye mali arudi safarini.

Maziwa ya mgeni yachemshwe kabla ya kunywewa, na ni vema kuchemsha maziwa yote. Ugonjwa wa kutupa mimba huingia kwa mtu kupitia maziwa mabichi, na humletea homa na maumivu ya viungo ya muda mrefu. Ng'ombe akitupa mimba, kondo na ndama visishikwe kwa mikono mitupu, na wajawazito wasikaribie. Akichomwa sindano ya dawa, muulize mtaalamu maziwa yaachwe siku ngapi.

CHANJO

Ipo chanjo ya ndigana kali. Hutolewa na mtaalamu aliyefunzwa, pamoja na sindano ya dawa ya kuzuia mnyama asiugue, na humkinga kwa muda mrefu. Mnyama awe mzima siku ya kuchanjwa. Chanjo hii hutunzwa kwenye baridi kali sana, na kipande kimoja kikifunguliwa hutosha ng'ombe wengi, hakirudishwi. Kwa hiyo mfugaji mmoja mwenye mtamba mmoja huona gharama ni kubwa. Majirani wakijiunga, gharama hugawanyika. Aliyechanjwa aendelee kuogeshwa, kwa sababu chanjo hii haizuii ndigana baridi wala kukojoa damu.

Muulize pia mtaalamu ratiba ya chanjo za homa ya mapafu, miguu na midomo, mapele ngozi na kimeta katika kata yako.

SIKU YA 31: KUMCHANGANYA

Kama hana dalili yoyote, mchanganye mchana, malishoni penye nafasi, si zizini usiku. Anza na ng'ombe mmoja mpole, wakae pamoja siku moja au mbili. Kisha kundi zima. Watapigana kidogo kutafuta mkubwa, na pembe za Ankole zinajeruhi. Nafasi ya kukimbia ndiyo dawa. Usiku wa kwanza zizini, mwenye zamu asilale fofofo.

MFANO WA KUJIFUNZIA

Tuseme kaya mbili za Nkwenda zimenunua mitamba 2 mnada mmoja, na yote miwili imebeba ugonjwa wa miguu na midomo bila kuonyesha. Kaya ya kwanza ina ng'ombe 12. Mtamba umelala nao usiku uleule. Siku ya 6 unatoka mate, na baada ya wiki mbili ng'ombe 9 wanachechemea, maziwa yamekauka, na maksai hawawezi kazi. Kaya ya pili nayo ina ng'ombe 12. Mtamba upo kibandani chini ya mteremko. Siku ya 6 unatoka mate. Mtaalamu anaitwa, mtamba unatibiwa vidonda, na watoto wanaendelea kunywa maziwa ya kundi. Bei ya mtamba ilikuwa ileile. Tofauti ni kibanda cha miti na mtu wa kuangalia.

Kanuni ni hiyohiyo kwa mbuzi, kondoo, kuku na hata mbwa wa kuchunga: mgeni atengwe, apumzike, aangaliwe.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Nyumbani kwako, mgeni angetengwa wapi? Maji ya mvua yanatoka wapi kwenda wapi?
2. Ng'ombe wa mwisho kununuliwa kijijini alitengwa siku ngapi?
3. Nani katika kaya yako anamwona mnyama kila siku? Je, ana namba ya simu ya afisa mifugo?
4. Tukijiunga kwa chanjo ya ndigana kali, tutapata ng'ombe wangapi kijijini?

Kwa msaada, onana na afisa mifugo wa kijiji au kata yako, au idara ya mifugo katika halmashauri ya wilaya. Mwite mnyama angali anasimama.